Ndoo, Kata na Chokaa: Hotuba Kuhusu Shule za Chumba Kimoja

Hotuba hii ilitolewa mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili huko Nebraska, Marekani. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Shikamooni wazee wetu. Hamjambo walimu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango?

Mmeviona. Kila aliyewahi kuendesha gari kwenye barabara za mashambani za Nebraska, Kansas au Iowa ameviona: kijumba kiko peke yake kwenye njia panda, madirisha matatu ubavuni, dohani moja, kibanda cha kengele juu ya paa, nyasi zimekizunguka hadi kiunoni. Wengine hudhani ni kanisa. Wengine hudhani ni ghala. Ndugu zangu, ile ni shule. Tena ni shule nzima, darasa la kwanza mpaka la nane, mwalimu mmoja, chumba kimoja.

Mwaka 1919 nchi hii ilikuwa na shule za namna hiyo zipatazo 190,000. Zinazofundisha mpaka leo ni mia chache tu. Nyingine zimegeuzwa nyumba za kuishi, nyingine maghala ya nafaka, na nyingi zimelala chini. Tutazungumza habari za zile zilizobaki zimesimama. Na tangu mwanzo niseme neno langu wazi: shule hizi haziuawi na uzee. Zinauawa na maji. Na baada ya maji, zinauawa na fundi mwenye nia njema ambaye hakuuliza kwa nini kitu kiliwekwa pale kilipowekwa.

Basi tuanze kuuliza.

Shule hizi zilianzia kwenye ramani. Wapimaji wa serikali waliikata nchi miraba miraba. Mraba mkubwa ulikuwa na upande wa maili 6, nao ukagawanywa vipande 36, kila kimoja maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Sheria ya mwaka 1785 ilikitenga kipande namba 16 kwa ajili ya shule. Majimbo ya magharibi yaliyoundwa baadaye, Nebraska likiwemo, yakaongezewa na kipande namba 36. Haikuwa lazima shule ijengwe papo hapo. Ardhi iliuzwa au kukodishwa, na fedha zake zikaenda kwenye elimu.

Lakini ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla ya wapimaji kufika? Swali hili halikwepeki. Kusini kidogo ya mji wa Beatrice, kando ya Mto Big Blue, ilikuwepo ardhi iliyotengewa watu wa Otoe-Missouria, kabila la wenyeji wa asili wa nchi hii. Mwaka 1881 walihamishwa wakapelekwa huko ambako leo ni jimbo la Oklahoma. Anayewapeleka watoto kuona shule ya zamani bila kuwaambia hilo amewaambia nusu ya habari.

Ni karibu na Beatrice hiyo hiyo ilipo ardhi ambayo Daniel Freeman aliandikisha dai lake tarehe 1 Januari 1863, siku ya kwanza kabisa ya Sheria ya Homestead kuanza kazi. Sheria hiyo ilimpa mtu ekari 160 kwa sharti akae juu yake na kuilima miaka 5. Wengi waliokuja walikuwa wageni kama sisi: Wajerumani, Wacheki, Waswidi, watu waliofika bila kuijua lugha ya nchi. Na mwaka 1872 majirani wa pale wakajenga shule ya matofali mekundu, kuta zake zina unene wa futi moja, na juu ya kila dirisha kuna kizingiti cha jiwe la chokaa lililochongwa. Inaitwa Shule ya Freeman. Ilifundisha mpaka mwaka 1967. Hesabuni wenyewe: miaka 95 mfululizo, chumba kile kile. Leo imo ndani ya hifadhi ya taifa ya kihistoria ya Homestead, na wageni huitembelea.

Msidhani ilikuwa shule tu. Watu walipiga kura humo. Waluteri waliabudu humo. Midahalo ilifanyika humo, na karamu za kuchangisha fedha zilifanyika humo. Ukiwa na chumba kimoja tu katika eneo zima, chumba hicho kinabeba kila kitu.

Na kilibeba kesi pia. Mwaka 1899 mwalimu wa shule hiyo, Edith Beecher, alikuwa akiwasomea wanafunzi Biblia, akiwaimbisha nyimbo za dini na kuomba pamoja nao. Daniel Freeman, mzee wa kuheshimiwa, mwenye ardhi jirani, akalalamika kwamba shule ya umma si mahali pake. Halmashauri ya shule ikasimama na mwalimu. Freeman akaenda mahakamani, akashindwa. Akakata rufaa. Mwaka 1902 Mahakama ya Juu ya Nebraska ikampa haki. Mwaka uliofuata mahakama hiyo ikafafanua kwamba kitabu chenyewe hakikupigwa marufuku, kilichokatazwa ni mafundisho ya dhehebu. Mahakama ya Juu ya Marekani haikuamua kuhusu usomaji wa Biblia katika shule za umma mpaka mwaka 1963. Yaani miaka 61 baadaye! Swali lililokuja kuitikisa nchi nzima lilikuwa limeshabishaniwa kwenye chumba ambacho ukisimama mlangoni unauona ukuta wa mwisho.

Ndiyo maana nasema, ukikiona kijumba usikidharau.

Sasa tuingie ndani. Ninyi walimu mliomo humu, niwaulize: mtu mmoja anafundishaje madarasa manane kwa wakati mmoja?

Fanyeni hesabu pamoja nami. Shule inafunguliwa saa tatu asubuhi, inafungwa saa kumi jioni. Hizo ni saa 7. Toa saa moja ya chakula cha mchana. Toa mapumziko mawili ya dakika 15. Zinabaki saa 5 na nusu, yaani dakika 330. Madarasa 8, na tuseme kila darasa lina masomo 4 tu: kusoma, kuandika, hesabu, jiografia. Hivyo ni vipindi 32. Gawanya. Kila kipindi kinapata dakika 10, na hapo mwalimu hajakohoa.

Dakika 10. Ndiyo sababu mbele ya chumba kulikuwa na benchi refu lisilo na meza. Mwalimu aliita darasa la tatu, watoto wanne wakainuka, wakakaa kwenye benchi lile, wakasema walichojifunza kwa sauti, wakasahihishwa, wakapewa kazi mpya, wakarudi. Linaitwa darasa la nne. Wengine wote muda huo wako kwenye madawati yao na vibao vya kuandikia, wanafanya kazi kimya. Kimya, lakini masikio hayafungwi. Mtoto wa darasa la pili alisikia hesabu za darasa la tano kila siku ya Mungu. Zilipofika zamu zake alikuwa ameshazizoea. Na aliyekuwa darasa la sita, kama hakuelewa kitu mwaka juzi, alikisikia tena leo bila aibu ya kurudishwa nyuma. Sisi tuliosoma madarasa ya watoto tisini tunajua uzito wa jambo hilo: nafasi ya kusikia tena.

Sasa, nini huharibika shule kama hiyo inapokarabatiwa? Benchi hilo huondolewa. Wahifadhi wanaona ni ubao mrefu tu wa kukalia, wanaupeleka ukumbini au wanauweka nje chini ya mti, na mbele wanabakiza meza ya mwalimu na bendera. Mgeni anaingia, anaona madawati na ubao, anasema, kumbe ilikuwa kama shule yoyote ile. Chumba kimekuwa bubu.

Kabla hamjapanga samani, isomeni sakafu. Madawati ya zamani yalifungwa kwa skrubu chini, mara nyingi juu ya mbao mbili ndefu ili safu nzima iweze kusogezwa wakati wa kufagia. Skrubu huacha matundu. Piga magoti, washa tochi uilaze karibu na sakafu ili mwanga upite kwa ubavu, na matundu yataonekana yamejipanga mistari. Utaona pia mahali mbao zilipolika kwa visigino vya watoto, na mahali penye alama nyeusi za cheche mbele ya jiko. Chora ramani yake kwa kipimo kabla ya kupiga msasa. Ukishapiga msasa hakuna atakayejua tena watoto walikaa wapi.

Karibu na mlango kulikuwa na ndoo ya maji na kata. Ndiyo, kata, kama ile ya kifuu tuliyokulia nayo, ila hii ilikuwa ya bati. Watoto wote walinywea kata moja. Aliyekuwa na kifua kikuu akanywa, wa nyuma yake akanywa. Daktari mmoja wa afya ya umma kule Kansas, Samuel Crumbine, alilipigia kelele jambo hilo, na mwaka 1909 Kansas ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku kikombe cha kuchangia mahali pa umma. Basi katika shule iliyohifadhiwa, ukiona ndoo na kata, jua inaonyesha miaka ya mwanzo. Ukiona mtungi wenye bomba dogo na vikombe vyenye majina vimetundikwa ukutani, inaonyesha miaka ya baadaye. Usiviweke pamoja. Chagua mwaka, ushike mwaka huo kwa kila kitu chumbani.

Tuje kwenye jiko. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu habari yenyewe ni nzito.

Jiko la chuma la kuni au makaa ya mawe lilisimama katikati ya chumba au upande mmoja. Waliokaa karibu waliungua mashavu, waliokaa dirishani wino wao uliganda. Mwalimu ndiye aliyeliwasha, alfajiri, kabla ya watoto kufika. Na nje, nyuma ya shule, kulikuwa na kibanda cha kuni au makaa.

Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa ya joto isivyo kawaida kwa mwezi huo. Watoto walikwenda shule na nguo nyepesi. Mchana dhoruba ya theluji ikashuka ghafla juu ya Nebraska na Dakota, upepo mkali, theluji laini kama unga, mtu haoni mkono wake mwenyewe. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 235, na wengi wao walikuwa watoto wakitoka shule. Mpaka leo inaitwa dhoruba ya watoto wa shule.

Katika shule moja, mwalimu Lois Royce alikuwa na wanafunzi watatu. Kufikia saa tisa alasiri kuni zilikuwa zimekwisha. Nyumba aliyopanga ilikuwa hatua chache tu, yadi 82, kama mita 75. Mita 75, ndugu zangu. Ni kutoka hapa hadi pale mlipoegesha magari. Aliwashika mkono wakatoka. Wakapotea. Watoto wote watatu walikufa kwa baridi mikononi mwake, naye alikatwa miguu. Katika shule nyingine, iliyojengwa kwa vipande vya udongo wenye nyasi, kwenye bonde la Mira, upepo uling'oa paa, na mwalimu Minnie Freeman akawatoa wanafunzi wake wakafika salama kwenye nyumba ya shamba. Huyu wa pili magazeti yalimfanya shujaa wa taifa, na alistahili. Lakini tofauti kati ya shule nyingi siku ile haikuwa ushujaa. Ilikuwa ni kiasi cha kuni zilizokuwa ndani.

Sasa nielezeni: kwa nini katika shule nyingi zilizohifadhiwa kile kibanda cha kuni kimebomolewa? Kwa sababu kinaonekana kibaya. Kimepinda, hakina rangi, kinaharibu picha ya harusi. Kinavunjwa, na vyoo viwili vya shimo vinavunjwa, na pampu ya maji inang'olewa. Inabaki sanduku zuri jeupe katikati ya majani yaliyokatwa vizuri. Kibanda kile ndicho kilichoamua nani arudi nyumbani. Kama fedha ni chache, afadhali muache kupaka rangi ukuta wa nyuma lakini mkinyanyue kibanda.

Kuhusu madirisha nitawapeleka kusini kidogo, kwa sababu hakuna waliofikiria dirisha la shule ya kijijini kwa makini kuliko waliojenga shule za Rosenwald.

Katika majimbo ya kusini watoto weusi walitengwa, na serikali za majimbo ziliwajengea kidogo au hazikuwajengea kabisa. Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha watu weusi cha Tuskegee, Alabama, akamshawishi Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya Sears, atoe fedha. Sharti lilikuwa kwamba jamii nayo ichange, kwa fedha, ardhi, mbao au nguvu zao. Kati ya mwaka 1912 na 1932 zilijengwa shule karibu 5,000, na nyingi zilikuwa za mwalimu mmoja au wawili. Umeme haukuwepo, hivyo michoro yao ilianza na jua. Madirisha makubwa yalipangwa safu moja, yakielekezwa mashariki au magharibi, na madawati yakawekwa ili mwanga uje kutoka kushoto kwa mtoto. Kwa nini kushoto? Kwa sababu siku hizo kila mtoto alifundishwa kuandika kwa mkono wa kulia, na mwanga ukitoka kulia kivuli cha mkono wake kinaangukia maandishi yake.

Akija mtu leo akaziba nusu ya madirisha hayo ili kupunguza gharama ya joto, au akageuza madawati yatazame mlango ili wageni waonekane vizuri kwenye picha, ameifuta akili yote iliyoujenga ukuta ule.

Na mnaotoka Kenya, hapa kuna uzi unaofika kwenu. Mwanamke mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, alitoa mali yake mwaka 1907 kusaidia shule hizo ndogo za vijijini za watu weusi. Mwaka 1908 Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa kaunti ya Henrico huko Virginia, akawa wa kwanza kulipwa ili azunguke shule moja baada ya nyingine, akiwasaidia walimu waliokuwa peke yao. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Marekani wa Phelps-Stokes, ambamo alikuwemo James Aggrey, mwana wa Gold Coast, Ghana ya leo, ilizunguka Afrika Mashariki. Mwaka 1925 ikafunguliwa Kabete, nje ya Nairobi, shule iliyopewa jina lile lile: Jeanes School. Waliosomea pale walirudi kwenda kuzungukia shule za misheni za vijijini, zile za mwalimu mmoja. Mahali hapo leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Mpango huo ulibeba ubaguzi ndani yake, kule na huku. Ulimtaka Mwafrika asome jembe na randa zaidi ya sheria na siasa, na wazee wetu waliupinga kwa haki. Lakini walimu waliozunguka kwa miguu kutoka chumba kimoja hadi kingine, hao tuwaheshimu.

Haya. Tumeuliza kwa nini. Sasa tushike mwiko.

Kazi ya kwanza ni paa, na kazi ya pili ni paa. Msipake rangi, msinunue kengele, msitengeneze bango, mpaka paa liwe zima. Mahali panapovuja zaidi ni pale dohani inapotoboa paa. Bati la kuziba mwanya pale huoza au huwa limezibwa na lami iliyopasuka. Halafu tazameni ardhi. Maji ya paa yanakwenda wapi? Udongo unaozunguka msingi ushuke kuelekea nje, angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Mara nyingi miaka mia ya majani na vumbi imeuinua udongo mpaka umefunika matundu ya hewa ya msingi, na boriti za chini ya sakafu zinaoza gizani. Chukua bisibisi nyembamba, chomeka kwenye boriti kila baada ya nusu mita. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila kusukuma kwa nguvu, pale pameoza.

Kuta sasa. Ninyi mliotoka pwani, mliozaliwa Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa, Bagamoyo, Unguja Mji Mkongwe: hapa mnajua zaidi ya makandarasi wengi wa hapa. Mmeona nyumba ya mawe na chokaa ikipigwa plasta ya saruji. Mwaka wa kwanza inapendeza. Mwaka wa tatu unyevu umefungiwa ndani, chumvi inatoka, plasta inabanduka vipande vipande na jiwe limekuwa unga. Ugonjwa ni ule ule katika shule ya matofali ya Nebraska, na hapa kuna jambo la pili: barafu.

Matofali ya zamani yalichomwa kwenye tanuu za karibu, moto haukuwa sawa, na mengi ni laini. Yaliunganishwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini kuliko tofali, na hupitisha unyevu, kwa hiyo maji yaliyoingia ukutani yalitokea kwenye kiungo. Akija fundi akajaza viungo hivyo kwa saruji, kiungo kinakuwa kigumu kuliko tofali, na maji hayana njia ila kupitia tofali lenyewe. Usiku yanaganda. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Uso wa tofali unaruka. Ukienda masika unakuta maganda mekundu chini ya ukuta, na viungo vya saruji vimebaki vimetokeza nje kama mbavu. Hakuna dawa ya tofali lililopoteza uso. Ni kulitoa tu.

Fanyeni hivi. Chukueni kipande cha chokaa cha zamani kutoka ndani ya kiungo, kipondeni, kitieni kwenye asidi hafifu huku mmevaa glavu na miwani. Chokaa itachemka na kuyeyuka, mchanga utabaki chini. Huo mchanga ndio kielelezo chenu: rangi yake, ukubwa wa chembe zake. Tafuteni unaofanana nao. Kwaruzeni kiungo kilichoharibika kwa patasi na nyundo ndogo, kina cha mara mbili na nusu ya upana wake. Kiungo cha milimita 10, ingieni milimita 25. Mashine ya kukata msiitumie. Inakata kingo za matofali, na kosa lake halirudi. Pigeni brashi vumbi lote, kisha lowesheni. Changanyeni chokaa sehemu moja na mchanga sehemu tatu, mkipima kwa ndoo, si kwa koleo, maana koleo la asubuhi si sawa na koleo la jioni. Jazeni kwa tabaka zisizozidi milimita 6. Bonyeza kwa dole gumba. Likiacha alama hafifu tu, weka tabaka linalofuata. Funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa na myaweke mabichi siku kadhaa. Joto liwe kati ya nyuzi 4 na 35 za Selsiasi. Chokaa inakomaa polepole na haitaki baridi ya kugandisha ikiwa changa, kwa hiyo huku kwetu viungo vya Oktoba ni hasara. Malizeni mwanzoni mwa Septemba.

Na kupuliza ukuta kwa mchanga ili usafike, hapana. Tofali lina ngozi ngumu iliyochomwa nje. Ukiing'oa, umelivua nguo mbele ya baridi.

Madirisha msiyatupe. Mbao zake za zamani mara nyingi ni bora kuliko za dukani leo. Toeni puti ya kushikia kioo iliyokauka, pakeni mafuta ya kitani kwenye mbao kavu kwanza, ndipo muweke puti mpya. Mkiruka hatua hiyo, mbao inafyonza mafuta ya puti na puti inapasuka. Rangi ipande juu ya kioo milimita 2 ili maji yasipate mlango. Lakini kabla ya kukwaruza rangi yoyote, pimeni madini ya risasi. Rangi za majumbani zenye risasi zilipigwa marufuku nchi hii mwaka 1978 tu, na shule yoyote ya zamani hii hesabuni inayo mpaka kipimo kiseme hapana. Kwaruzeni kwa kulowesha, tandikeni plastiki chini, msitumie moto, na watoto wasiwepo. Watoto kabisa wasiwepo.

Kuhusu rangi yenyewe: watu wengi wana picha kichwani ya shule nyekundu. Nyingi za mbao zilikuwa nyeupe. Tafuteni mahali palipojificha, chini ya ukingo wa paa au nyuma ya bawaba, mkwaruze eneo la upana wa kidole kimoja, tabaka kwa tabaka, mtaona.

Na ubao. Mwaka 2015 katika shule ya Emerson huko Oklahoma City, ambayo si ya chumba kimoja, mafundi waliokuwa wakibadilisha ubao waliutoa wa zamani wakakuta nyuma yake mwingine, na juu yake chaki ya mwaka 1917: michoro ya rangi, muziki, hesabu ya kuzidisha iliyochorwa kwenye duara. Tarehe zimeandikwa pale pale, Novemba 30 na Desemba 4. Chaki iliyoandikwa na mkono wa mwalimu, ikakaa karibu miaka mia moja gizani. Kwa hiyo ubao uliopigiliwa juu ya ukuta wa zamani unafunguliwa msumari mmoja mmoja, kuanzia kona ya juu, mtu mmoja amemulika tochi kwenye mwanya, na hakuna mwenye kitambaa cha maji karibu.

Mwisho, kwa wale mliokwisha kuandika majina yenu ili tusaidie shule za kaunti hii: hatutaanza siku ya jua. Tutaanza siku ya kwanza ya mvua kubwa ya masika, maana siku hiyo jengo linasema lenyewe. Njooni na makoti, tochi, bisibisi nyembamba na daftari. Wawili wasimame ndani chini ya dohani, wawili wazunguke msingi wakitazama maji yanasimama wapi, mmoja aandike saa na mahali. Wenye ngazi waziache nyumbani. Juu ya paa lenye maji hapandi mtu.